Wimbo wa Naruto Haujamwibia Mtoto wa Salgaa

Kuna maneno yanayosemwa kila mahali kuanzia Ngata hadi Mau Summit, na hapa Salgaa yamekwisha kuwa kama sheria. Yanasemwa mimbarini siku ya Jumapili, yanasemwa katika mikutano ya wazazi, yanasemwa na akina mama wanaouzia madereva wa malori chai na mahindi ya kuchoma. Maneno yenyewe ni haya: vijana wetu wameharibiwa na katuni za Kijapani. Wanakesha na simu wakitazama Naruto na One Piece, sura baada ya sura, na juu ya hayo wamezikariri nyimbo zake. Kijana asiyeweza kumaliza ubeti mmoja wa wimbo wa harusi aliouimba nyanya yake anaimba Kijapani tangu mwanzo hadi mwisho, na hajui maana ya neno hata moja. Kwa hiyo, wanasema, huo ni utumwa wa akili. Nyimbo zenyewe ni kelele za kitoto. Zimezifukuza nyimbo zetu. Zinafungulia mapepo mlango. Na zinampotezea mtoto maisha, wala hazimpi riziki.

Siwadharau wanaosema hivyo. Wengi wao ni wazazi waliolea watoto kando ya mojawapo ya barabara mbaya kuliko zote nchini, na mzazi wa hapa ana haki ya kuogopa. Ni kweli lugha za nyumbani zinapungua vinywani mwa watoto. Ni kweli simu inakula usiku wa mwanafunzi. Ila hofu inaweza kuwa ya kweli na bado ikamnyooshea kidole asiyehusika, na ndivyo ilivyotokea hapa. Nitazijibu hoja hizo moja moja, na ile ya nyimbo zetu kufukuzwa nitaiweka mwisho, kwa sababu ndiyo inayoniuma.

1. Kwamba ni aibu kuimba usichokielewa

Hoja hii ndiyo inayorudiwa zaidi na ndiyo dhaifu kuliko zote.

Salgaa ni mji uliozaliwa na barabara inayotoka Mombasa kwenda Malaba, ikiendelea hadi Kampala, Kigali na Congo. Malori ya barabara hiyo hayakuleta mizigo pekee, yalileta na muziki, na kwa miaka mingi muziki huo ulikuwa wa Kilingala. Wazee wanaolalamika leo walikua wakimcheza Franco, wakamcheza Mbilia Bel, wakamcheza Kanda Bongo Man. Walizijua nyimbo hizo kuanzia mlio wa kwanza wa gitaa mpaka sebene inapochanganya. Ni wangapi kati yao waliokijua Kilingala? Wachache mno, na hakuna aliyewaita watumwa. Super Mazembe, wanamuziki waliotoka Zaire wakahamia Nairobi katika miaka ya 1970, waliimba “Kasongo”, na mwishoni mwa mwaka 2024 vijana wa Kenya waliufufua wimbo huo na kumbandika Rais William Ruto jina hilo. Nchi nzima iliuimba. Walioimba walishika jina, wakashika mdundo, wakashika manung’uniko yaliyomo kwenye sauti, wakayatumia kwa haja yao.

Emmy Kosgei alipotoa “Taunet Nelel” kwa Kikalenjin, wimbo huo uliimbwa makanisani na watu wa makabila yote, wengi wao hawajui hata salamu ya Kikalenjin. Sisi wa Bonde la Ufa tulijivuna, tena kwa haki. Filamu ya The Lion King ilipotoka mwaka 1994 ilifunguliwa kwa mwito wa Kizulu wa Lebo M, na watoto wa dunia nzima wanauita mwito huo hadi leo bila kukijua Kizulu. Christopher Tin, mtunzi wa Marekani, alichukua sala ya Baba Yetu kwa Kiswahili akaifanya wimbo wa kufungulia mchezo wa kompyuta wa Civilization IV mwaka 2005, na mwaka 2011 wimbo huo ukashinda tuzo ya Grammy, wa kwanza kufanya hivyo kati ya nyimbo zilizotungiwa michezo ya kompyuta. Kwaya zinazouimba huko ng’ambo zinatamka Kiswahili chetu neno kwa neno kwa kukariri. Tunapowaona tunafurahi, tunasambaziana video. Basi iwapo Mmarekani anayeimba Kiswahili asichokijua anaipa lugha yetu heshima, kijana wa Salgaa anayeimba Kijapani amekosa nini? Hatuwezi kuwa na sheria mbili, moja ya wanaotuimba sisi na nyingine ya watoto wetu.

Tuingie shuleni, maana lawama nyingi zinatoka kwa walimu. Mtoto wa chekechea wa hapa anaimba kuhusu daraja la London linaloanguka kabla hajaliona daraja lolote kubwa kuliko la mto Rongai. Anaimba kwa Kiingereza ambacho hajakielewa, na mzazi anakirekodi kipande hicho na kukituma kwa shangazi mjini. Akifika darasa la juu, mwalimu wa muziki anamwandaa kwa Tamasha la Muziki la Kenya, na hapo shule yenye watoto wa Kikalenjin, Kikikuyu na Kikisii inaweza kufundishwa wimbo wa Kigiriama au wa Kiluhya. Mwalimu anaeleza maana kwa kifupi, watoto wanakariri sauti, wanashindana, wakifika ngazi ya taifa wanapokewa kwa vigelegele. Hiyo ni kazi nzuri na ningependa iendelee. Lakini ni kazi ileile: mtoto anaikariri lugha ya wengine kupitia wimbo, masikio yake yanatangulia na maana inafuata.

Na hata hilo dai la “hajui maana ya neno hata moja” si kweli. Katuni hizi zinatazamwa na maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Mashabiki wameziandika nyimbo zake kwa herufi za Kilatini, wameweka na tafsiri. Kijana anayeuimba wimbo wote amekwisha kuusoma, kwa lugha yake ya tatu au ya nne. Kwa hesabu hiyo amefanya juhudi kuliko baba yake alivyofanya na Franco.

Maoni kwamba wimbo wa Kijapani haufai watoto wasiokijua Kijapani, kwa kweli, yamekwisha kujaribiwa mahali pengine na yakashindwa. Mwaka 2004 kampuni ya 4Kids ya Marekani ilipoichukua One Piece, iliamua kwamba watoto wa Marekani hawawezi kuvumilia wimbo wa Kijapani. Ikautoa wimbo wa kufungulia, “We Are!”, na kuweka rapu yake. Mashabiki waliipinga rapu ile kwa miaka. Kampuni nyingine ilipochukua haki za katuni hiyo mwaka 2007, wimbo wa asili ulirudishwa. Watu wazima walikuwa wamewapimia watoto uwezo mdogo kuliko walio nao, na wanaowalaumu watoto wa Salgaa wanarudia kosa hilohilo.

2. Kwamba nyimbo hizo ni mlango wa mapepo

Hapa nitakuwa mfupi, kwa kuwa anayesema hivi mara nyingi ameitazama picha moja akafunga simu.

Naruto ni mvulana yatima ambaye ndani yake kumefungiwa mbweha wa mikia tisa. Hakuomba. Alifungiwa siku aliyozaliwa, na kijiji kizima kinamkwepa kwa sababu hiyo. Watoto wanaambiwa wasicheze naye. Sura zake 720, zilizoonyeshwa kuanzia Oktoba 2002 hadi Machi 2017, ni safari ya mtoto huyo kutafuta kukubaliwa na watu waliomkataa. Mhubiri akifika kwenye mbweha anakomea hapo. Kijana wa hapa anaendelea mbele, na ana sababu. Mtoto aliyekulia Molo, Kuresoi au Rongai baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 anajua maana ya kuchukiwa kijijini kwa jambo ambalo hakulichagua, kwa jina la ukoo wake, kwa lugha inayosikika mama yake akiita watoto jioni. Ukitaka kujua kwa nini nyimbo hizo zinaimbwa kwa nguvu vile, anzia hapo, mapepo utayakuta baadaye kama yapo.

Na tangu lini hadithi yenye zimwi ikawa ngeni kwetu? Wakalenjin walisimulia habari za Chemosit anayekula watu usiku. Wakikuyu walisimulia habari za irimu, na katika mojawapo ya ngano zao mashuhuri zimwi linamtesa mke wa mhunzi aliyejifungua mumewe akiwa mbali. Mama huyo anamlisha ndege mbegu za mbarika, anamtuma kiwandani, na ndege anafikisha ujumbe kwa kuimba. Wahunzi wanamfukuza mara ya kwanza. Mwishowe mume anausikia wimbo vizuri, anarudi nyumbani, anaokoa familia yake. Wazee wetu waliliweka zimwi ndani ya hadithi na wokovu wakauweka ndani ya wimbo, na hakuna mtoto aliyepagawa kwa kuisikiliza.

3. Kwamba zinawapotezea watoto maisha

Nyimbo zote za kufungulia Naruto, tangu sehemu ya kwanza hadi ya mwisho, ni 29. Kila moja huchukua kama dakika moja na nusu. Ukizipanga moja baada ya nyingine hazifikii dakika 45. Anayetaka kulaumu saa za kutazama na alaumu, na hapo nitamsikiliza. Lakini wimbo haujamla mtoto usiku wake.

Sasa tuseme kinachowala watoto wa Salgaa. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, kwenye barabara hiihii, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukawaka. Waliokufa walizidi mia. Tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa, watu 36 wakafa kabla mwaka mpya haujaanza. Kati ya tarehe hizo mbili na baada yake kumekuwa na vifo ambavyo havikufika ukurasa wa kwanza wa gazeti lolote. Ilibidi ukuta wa saruji ujengwe katikati ya barabara ili magari yanayopanda na yanayoshuka yasikutane. Chanzo kimojawapo kilijulikana na kila utingo: dereva anaweka gia huru kwenye mteremko ili aokoe mafuta, lori linashika kasi, breki zinashindwa. Mafuta yanayookolewa yana bei, na waliolipa bei hiyo ni watu waliokuwa wakijiendea zao kwenye basi.

Na kuna usiku. Kituo cha malori kinaleta fedha, kinaleta lojing’i, kinaleta pombe, kinaleta watu wazima wenye noti mfukoni na wasichana ambao umri wao hakuna anayeuliza. Kila mtu hapa anajua. Watoto wanatumwa kuuza karanga na mayai kati ya matrela saa ambazo wangekuwa wamelala.

Mimi nimekaa katika vikao ambamo dakika nyingi zilitumika kujadili katuni na simu, kisha hayo mengine yakatajwa wakati watu wanachukua mifuko yao waende. Hiyo ndiyo gharama iliyojificha ya lawama hizi. Hasira ya mzazi ina kiasi chake. Anayeimalizia kwenye wimbo wa Kijapani hana ya kumpelekea mwenye lojing’i anayempa chumba mtu mzima aliyekuja na mtoto wa shule. Kijana anayeketi nyuma ya duka na wenzake watatu wakiimba kiitikio cha “Blue Bird”, mmojawapo wa nyimbo za Naruto, saa tatu usiku yuko mahali salama kuliko pengi mjini humu. Ningekuwa mzazi wake ningemletea chai.

4. Kwamba ni kelele za kitoto

Wimbo wa kufungulia anime, yaani katuni hizo za Kijapani, una kazi ngumu ambayo nyimbo za redio hazipewi. Dakika moja na nusu, basi. Ndani yake uwemo mwanzo unaoshika sikio, ubeti, sehemu ya kupandishia, kiitikio, na mwisho unaoliachia simulizi nafasi ya kuanza. Urudiwe kila wiki kwa miezi na usichoshe. Na ubebe hadithi nzima bila kuifichua.

Tazama jinsi watunzi mbalimbali walivyoikabili kazi hiyo. “Haruka Kanata” ya Asian Kung-Fu Generation, wimbo wa pili wa Naruto, unaanza na gitaa la besi peke yake, likikimbia, na ngoma zinapoingia msikilizaji tayari yumo mbioni. Hao walikuwa wanafunzi waliokutana chuoni Yokohama mwaka 1996, na walipopewa nafasi hiyo mwaka 2003 hawakuwa na jina kubwa. “Blue Bird” ya mwaka 2008 inafanya kinyume: inafungua moja kwa moja kwa kiitikio, sauti ya Kiyoe Yoshioka mbele, kana kwamba wimbo ulishaanza mahali pengine nasi tumefungua dirisha. Kundi lake, Ikimono-gakari, lilianzia barabarani, wakiimbia wapita njia karibu na vituo vya treni mkoani Kanagawa. “We Are!” ya One Piece, iliyosikika mara ya kwanza tarehe 20 Oktoba 1999, inabebwa na tarumbeta na sauti ya Hiroshi Kitadani iliyojaa kama ya mtu anayewaita wenzake kutoka ng’ambo ya bonde. Aliyeitunga, Kohei Tanaka, alisomea utunzi katika Chuo Kikuu cha Sanaa cha Tokyo, kisha akaenda Berklee, Boston. One Piece ilipofika sura ya 1,000, Novemba 2021, waliurudisha wimbo huo mwanzoni, na watu waliokuwa watoto mwaka 1999 waliusikiliza wakiwa na watoto wao.

Mtu aliyesomea utunzi miaka yote hiyo anaketi kutunga sekunde 90 za katuni, na anazitunga kwa uzito uleule ambao angeutungia ukumbi wa simfonia. Hapo ndipo heshima kwa mtoto inapoonekana. Anayeziita kelele za kitoto ana dhana kwamba kitu cha mtoto kinaweza kufanywa ovyo. Dhana hiyo ndiyo inayonipeleka kwenye hoja ya mwisho.

5. Kwamba zimezifukuza nyimbo zetu

Zimezifukuza kutoka wapi?

Nauliza kwa dhati. Kitu hakiwezi kufukuzwa mahali ambapo hakikuwekwa. Kanuni za utangazaji nchini zinadai asilimia 40 ya vipindi vya televisheni viwe vya hapa, na vipindi vipo, tamthilia zipo, waigizaji wazuri wapo. Sasa jaribu kuimba nyimbo za kufungulia tamthilia tano ulizotazama mwaka huu. Nyingi zina mlio wa kinanda wa sekunde chache unaoweza kuwekwa kwenye tangazo la sabuni na usitofautishwe. Wimbo hufikiriwa mwisho, fedha zikiwa zimekwisha, na anayepewa kazi hiyo huambiwa alete kesho. Halafu tunashangaa kijana hakukariri.

Mahali wimbo ulipotungwa kwa uangalifu, watoto waliushika mara moja. Tinga Tinga Tales, katuni iliyochorwa Nairobi na kuonyeshwa na BBC kuanzia mwaka 2010, ilitungiwa muziki na Eric Wainaina, mtu wa ngazi ya juu kabisa katika fani yake. Ubongo Kids, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2014, inafundisha hesabu kwa nyimbo za Kiswahili, na watoto wanazirudia hata televisheni ikizimwa. Masikio ya watoto hawa ni yaleyale yanayoimba Naruto. Hayajajaa. Yanapokea chochote kilichotengenezwa vizuri, na tumeyapelekea kidogo mno.

Kisha kuna malipo. Japani ina JASRAC, chama cha kukusanya haki za watunzi kilichoundwa mwaka 1939, na wimbo wa kufungulia katuni unapochezwa redioni, kwenye baa au kwenye karaoke, mtunzi anahesabiwa. Wimbo kamili unauzwa peke yake. Katuni inautangaza wimbo na wimbo unaitangaza katuni. Sisi tuna chama cha namna hiyo, MCSK, tangu mwaka 1983, na tuna bodi ya hakimiliki, KECOBO, ya kukisimamia, na hivyo viwili vimevutana kuhusu leseni mpaka mahakamani, mara si moja, huku mwanamuziki akingoja. Mtunzi wa Nakuru anayefikiria kuandika wimbo wa kipindi cha watoto anajua kwamba atalipwa mara moja, kama atalipwa, na kwamba wimbo ukipendwa miaka ishirini hautamletea hata unga. Huyo hakufukuzwa na Mjapani yeyote.

Juu ya hayo tumejifunza kuuruka wimbo. Netflix iliweka kitufe cha kuruka utangulizi mwaka 2017, na katika maduka ya muvi yanayowajazia vijana flashi, faili nyingi huja zikiwa zimekatwa mwanzo ili nafasi itoshe sura nyingi zaidi. Pamoja na wimbo yanakatwa majina, maana ni humo kwenye utangulizi ndimo yanamopita majina ya aliyetunga, aliyeimba, aliyechora. Kizazi kinachoruka utangulizi wa kila kitu hakitajua kwamba vitu hutengenezwa na watu. Wale vijana wanaoketi wausikilize wimbo hadi mwisho kabla ya sura kuanza ndio peke yao mjini humu wanaofanya kinyume, na ndio tunaowalaumu.

Na ule wimbo wa harusi wa nyanya? Nimehudhuria harusi nyingi za upande huu. Tunamlipa mwenye spika, anapiga muziki wa Tanzania, anapiga wa Afrika Kusini, watu wanacheza mpaka hema linatikisika, na nyanya ameketi kiti cha plastiki pembeni na sahani ya pilau. Hakuna aliyempa kipaza sauti. Hakuna mtoto aliyeambiwa, njoo umsikilize. Wimbo wake unaondoka naye mwaka hadi mwaka, na uamuzi wa kutompa nafasi tuliufanya sisi watu wazima, kwenye kamati, tukipanga bajeti. Ni dhuluma kumsukumia lawama hiyo mtoto mwenye simu, ambaye hakuwa kwenye kamati.

Wanaotaka kujua kama kuna njia nyingine, ipo, na imeshapitiwa. Kituo cha Spacetoon kilipoanza mwaka 2000 kuzionyesha katuni za Kijapani kwa Kiarabu, kilimtumia mtunzi Tarek Al-Arabi Tourgane. Aliandika nyimbo mpya za kufungulia kwa Kiarabu fasihi, zikaimbwa na waimbaji wa kweli kama Rasha Rizk wa Syria. Watoto kutoka Morocco hadi Oman walizikariri, na leo wakiwa watu wazima wanajaza kumbi kuzisikiliza tena. Kijapani hakikukatazwa na mtu. Kiarabu kilipewa mtunzi, kikapewa studio, kikapewa sekunde 90 kila siku katika saa ambayo watoto wako macho.

Kiswahili kina watoto wengi wa kuwaimbia, na kina wa kuwatungia pia. Kundi la KANA-BOON la Osaka, lililotunga “Silhouette”, wimbo wa 16 wa Naruto Shippuden, sehemu ya pili ya Naruto, lilikua likiwasikiliza Asian Kung-Fu Generation. Ukiziweka “Haruka Kanata” na “Silhouette” pamoja utausikia udugu. Kulikuwa na miaka 11 kati ya wimbo uliowafundisha na wimbo walioutunga wenyewe. Hapa kuna vijana wanaoweza kukuonyesha kwa kidole wakati hasa ambapo ubeti unapanda kuingia kiitikio, kwa sababu wamesikiliza kwa makini kuliko sisi sote. Wengine wao wanapiga kinanda kanisani kila Jumapili, mbele ya mhubiri yuleyule. Kituo chochote cha televisheni kinachopanga kipindi cha watoto msimu ujao kinaweza kuwapata Salgaa, nyuma ya maduka, kuanzia saa mbili usiku, na kuwauliza wangelipwa kiasi gani kwa dakika moja na nusu ya Kiswahili.